Gaston Anauza Charger

Alhamisi, 1 Mei 2025

Sikukuu ya wafanyakazi. Cherehani imelala, mimi akili inakimbia. Zimebaki siku tisa Fauzia aolewe, na mimi, Othmani, fundi mapazia wa Yeoville hapa Jozi, mzaliwa wa Tanga, sina gari la kumpeleka bibi harusi ukumbini.

Si gari lolote. Fauzia alipokuwa na miaka saba tulipita Kensington kwa miguu, tukaona Valiant Charger ya mwaka 1973 imeegeshwa mbele ya duka la mikate. Rangi ya chungwa, pua ndefu, mgongo umeinama kama wa paka anayetaka kuruka. Mwenyewe akaiwasha. Vioo vya duka vikatetemeka. Mtoto akanishika suruali kwa mikono miwili. Nikamwambia: siku ya harusi yako utapanda hiyo. Sasa amekua, ni mkunga, Kiingereza na Kizulu vyote vyake, mimi ananijibu kwa Kiswahili cha kubabaisha, lakini hilo hakulisahau. Juzi kaniuliza ile gari yake iko wapi. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Shemeji yangu Mselem, kaka wa mke wangu Kidawa, ameshajitolea gari lake. Jeupe, jipya, la Kijerumani, kimya kama jokofu. Kidawa kasema tumshukuru. Nimeshukuru kwa mdomo.

Jioni nikaandika kwenye simu: Natafuta Charger kabla ya tarehe kumi, hata ya zamani. Kidole kikateleza, ujumbe ukaenda kwenye kundi la watu wa Tanga. Mpaka sasa nimepewa chaja kumi na moja za simu. Mzee Bakiri kaleta ya kwake mpaka mlangoni, ya ile pini nyembamba, na akakataa kuondoka bila chai.

Ijumaa, 2 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Nimerudi kutoka msikitini, nafungua kundi la Vyuma vya Zamani Jozi. Hili ndilo kundi letu sisi wapenda magari ya kale: Watanzania, Wakongo, Warundi na Mkenya mmoja mbishi. Admin ni Orpha, fundi magari wa Jeppestown, mama wa Kibukavu mwenye mikono ya chuma. Nikakuta tangazo: "Bandugu, miye Gaston wa Lubumbashi. Nauza Charger, ya 1973 ao karibu. Bei tutasikilizana."

Ya 1973! Nikakaa chini. Sikujibu hadharani, maana Mselem naye yumo kundini. Hana gari la zamani hata la kuchezea. Yumo kwa ajili ya kubisha.

Na alibisha. Kasema magari hayo yalikuwa ya makaburu, na mtu mweusi anayeyatamani anabusu buti lililompiga teke. Sikuvumilia. Nikaandika aya nne. Kwamba kukalia kiti cha bwana ndio ukombozi wenyewe. Kwamba chuma hakijui ngozi ya mtu. Kwamba pua ya Charger haina mfano duniani. Mkenya akasema gari la silinda sita si gari la misuli, ni la kupeleka bibi kanisani. Mrundi akauliza manispaa itaziba mashimo kabla ya uchaguzi au baada. Mwingine akaleta maandamano dhidi ya wageni, na mwingine Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ambao sijui ulipitia mlango gani. Ujumbe mia mbili na kumi na nne.

Orpha akafunga kundi kwa siku kumi. Kasema siasa huwa zinaachwa getini, na sisi tumeziingiza mpaka chumbani.

Jumapili, 4 Mei

Kundi limefungwa, basi nimemwandikia Gaston faraghani. Nikamwambia nimeliona tangazo lake na niko tayari. Kajibu palepale kwamba alishanihisi tangu nilipoitetea Charger kwa aya nne. Kaniita Papa Othmani. Mtu mwenye adabu.

Kauliza rangi gani. Nikasema chungwa, chungwa tupu. Kafurahi. Kauliza kama motere ni nzima, yaani injini. Nikajibu lazima iwe nzima, mimi sitaki mchezo. Kafurahi zaidi. Hiyo ndiyo biashara: muuzaji anamsikiliza mteja kwanza.

Ikaja bei. Mimi si mgeni wa masoko. Nikamwachia aanze yeye. Kasema randi elfu themanini. Nikasema sabini, nikijiandaa kwa vita. Kasema sawa. Nikashangaa, nikajaribu sitini na tano. Kasema Mungu anibariki mimi na uzao wangu. Sijawahi kuona muuzaji mkarimu namna hii. Nimeacha hapo, nisimfilisi Mkristo wa watu.

Jumanne, 6 Mei

Nimekutana na Gaston, Kensington, palepale mbele ya duka la mikate. Nilichagua mahali hapo kwa baraka. Ni mlinzi wa maduka, mnene kidogo, suti ya vipande vitatu ya rangi ya zambarau mchana kweupe. Kaja kwa miguu. Nikamsifu moyoni: mjanja, gari kaliacha nyumbani, wezi ni wengi. Naye aliangaza macho mtaani, kisha akaniambia mimi ni mtu mwangalifu. Nikakubali.

Hatukukimbilia gari. Watu wazima hawaanzi na bidhaa. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukafika kwenye siasa. Gaston anasema shaba ya kwao ndiyo inayolisha bandari zetu. Nikamwambia bila bandari zetu wangekula hiyo shaba. Akasema Kongo ndiyo iliyoipa Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito. Nikasema uzito ndiyo, ila Kiswahili mmekuja nacho kimevunjika miguu. Akasema chetu sisi watu wa pwani ni cha kuimbia, chao ni cha kufanyia kazi. Tulibishana saa nzima, raha tupu. Mwisho nikamtuliza, nikamwambia asijali, mimi Kiswahili chake nakielewa chote, mpaka nukta.

Tukapeana mikono. Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumbani. Kanipa na anwani yake ya Jeppestown, kwa heshima tu nadhani, nami nikampa yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Saa mbili asubuhi nilikuwa nje na kitambaa cha kung'arishia. Mselem akapita kuuliza aje saa ngapi Jumamosi. Nikamwambia kwa upole kwamba gari lake halitahitajika, labda libebe masufuria ya biriani. Kidawa akanitazama. Mselem akasema sawa, atabeba biriani, na safari hii hakubisha. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Saa nne, hakuna Gaston. Saa tano, hakuna. Nikapiga simu. Kasema yuko nyumbani, ananisubiri mimi. Nikamwambia na mimi niko nyumbani, namsubiri yeye. Akasema nije basi nayo. Nikasema aje nayo yeye. Akaniuliza kama nimebadili mawazo kwa sababu nilishusha bei mno. Nikamuuliza kama amebadili mawazo kwa sababu alikubali upesi mno. Akaniita tapeli. Nikamwita tapeli mwenye suti. Simu ikakatika, sijui ya nani kwanza.

Usiku huu sijala. Fauzia kaniletea uji, kanikalia kitandani, kasema haina shida, Baba. Kasema kwa Kiswahili chote, bila kubabaisha. Imeniuma kuliko kama angelia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda Jeppestown kwa Orpha kumshtaki Gaston, ili afukuzwe kundini mbele ya watu. Nikamkuta Gaston ameshakaa juu ya tairi, ananishtaki mimi.

Tulisema wote kwa pamoja. Orpha akagonga ngao ya gari kwa spana mpaka tukanyamaza. Akamgeukia Gaston.

"Gaston. Wakati uliandika nauza, ulitaka kutoa franga, ao kupokea?"

"Kutoa, sasa! Miye nauza. Yeye njo anauzisha."

Orpha akafumba macho. Orpha alikaa Kigoma miaka minane akiwa mkimbizi, anazijua lugha zetu zote mbili. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kwetu kuuza ni kutoa mali upate pesa. Kwa Gaston, na kwa wengi kule Kongo, kuuza ni kutoa pesa upate mali. Anayetoa mali anauzisha. Kwa hiyo Gaston hakuwa na Charger. Alikuwa anaitafuta Charger. Alidhani ninayo mimi.

"Basi tumepatana bei ya gari ambalo hakuna mwenye nalo," nikasema.

"Na mumeipunguza vizuri," akasema Orpha, kisha akacheka mpaka akashikilia meza.

Gaston hakucheka. Aliniuliza mimi Charger nilikuwa naitakia nini. Nikamweleza: Fauzia, miaka saba, duka la mikate. Nikamuuliza na yeye. Kasema baba yake alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa migodini kule Likasi, mwenye Charger ya namna ile, na baba aliruhusiwa kuiosha kila Jumamosi ila hakuruhusiwa kuikalia. Mzee yuko hai bado. Gaston alitaka tu kumtumia picha, yeye amekaa ndani, mkono mmoja nje ya dirisha.

Nikamwomba radhi kwa ile ya suti. Akasema suti aliinunua, yaani aliiuza, kwa ajili ya kuja kunipokea. Nimemwalika harusini.

Jumamosi, 10 Mei

Ndoa imefungwa asubuhi msikitini. Yasini, mkwe wangu, alikosea jina lake mwenyewe. Saa tisa bibi harusi anatakiwa ukumbini, na sina gari. Nilikuwa nimefikiria kumwangukia Mselem. Nikatoka nje kumtafuta. Gari lake jeupe lilikuwa limejaa masufuria mpaka dirishani, biriani ya watu mia mbili, kama nilivyoagiza. Hata mtoto mchanga asingeingia.

Nikarudi ndani kumwambia Fauzia. Nilikuwa na hotuba. Yenyewe ikaniponyoka. Nikasema tu kwamba nimeshindwa, mwanangu.

Akanitazama. Kidawa alikuwa nyuma yake ana pini mdomoni. Fauzia akasema, "Baba, ukumbi ni mitaa mitatu. Eish, tutembee."

Tukatembea. Mimi na mwanangu mkono kwa mkono katikati ya barabara ya Yeoville, yeye kanyanyua gauni kwa mkono mwingine, viatu vya michezo chini yake, nimeviona. Kina mama wa saluni wakatoka na vichwa nusu vimesukwa, wakapiga vigelegele. Mafundi wenzangu wakasimama milangoni na futi shingoni. Kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, Gaston na suti yake ya zambarau akaingia katikati ya njia panda, akanyoosha mikono, akasimamisha teksi zote. Hii ndiyo kazi yake, kulinda, na aliifanya vizuri. Madereva wa teksi, watu wasiomngojea hata mgonjwa, wakangoja. Nyuma yetu Mselem kwa mwendo wa kobe, honi mkononi, biriani inanukia mtaa mzima, watu wanatufuata kwa sababu hiyo pia.

Mbele ya ukumbi Fauzia akaniegemea kidogo. Akasema kumbe alikuwa anaogopa siku zote kwamba nitaipata ile gari, kwa kuwa ile sauti ya injini ilimtisha alipokuwa mdogo, ndiyo maana alinishika suruali. Nilikuwa nimemuahidi kwa furaha nyingi mno, akashindwa kuniambia kwa miaka kumi na saba.

Nililia. Naandika hapa ukweli: nililia mbele ya Mselem, na Mselem akanipa kitambaa chake, kisafi, kina herufi za jina lake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetulia, nimetafakari. Fauzia haogopi tena, ni mke wa mtu. Na siku moja kutakuwa na mjukuu, na mjukuu lazima atoke hospitali ndani ya kitu cha maana. Isitoshe kuna mzee Likasi anangoja picha. Mimi na Gaston tumeunganisha akiba zetu. Bega kwa bega.

Orpha hajafungua kundi, basi tumetafuta kwenye mtandao wa Kiingereza, kusudi tusichanganyikiwe tena na Kiswahili cha mtu. Na tumeipata! Charger ya 1973, rangi ya chungwa, iko Brakpan, bei nusu ya tuliyopatana. Pichani imepandishwa juu ya matofali, bila shaka ili matairi yasichakae, na kuku amelala juu ya boneti, dalili ya mahali penye amani. Chini ya picha pameandikwa kwa herufi kubwa: NON-RUNNER.

Gaston akauliza maana yake. Safari hii sikukurupuka. Nimeshajifunza kwamba neno hupimwa kabla ya kumezwa. Nikalichambua polepole mbele yake. Runner ni mkimbiaji. Non ni siye. Kwa hiyo muuzaji anajitambulisha kwamba yeye si mtu wa kukimbia na pesa za watu. Gaston akasema hata kwa Kifaransa non ni non, imekaa sawa. Waaminifu wa namna hii wamebaki wachache katika mji huu.

Tumeshatuma pesa yote asubuhi. Mwenyewe kajibu kwa heshima kwamba Jumamosi tuje na trela. Nimemjibu ahsante, sisi hatuna mizigo, tutarudi nayo tukiiendesha.