Mzigo wa Babu Anuari

Serikali inawatangazia wananchi wote kwamba Kariakoo hakuna mzimu, na kwamba mzimu huo utaondolewa kabla ya Ijumaa.

Tangazo lilisainiwa na Bwana Melkiori, Mkurugenzi wa Kitengo cha Usalama wa Yasiyoonekana, ambaye Ijumaa hiyo alikuwa azindue jengo lake jipya. Kazi ya kuondoa kisichokuwepo akapewa Afisa Hyasinta. Akishindwa, uhamisho, tena kule ambako hata mtandao ukifika unafika umechoka. Na Hyasinta, jamani, ana mtoto anayenyonya, na mume mwenye kibanda cha viatu Mchikichini.

Wenye maduka walishamzoea mzimu mwenyewe. Babu Anuari, mpagazi wa vita vya kwanza vya dunia, alisimama mlangoni pa jengo hilo jipya na sanduku la risasi kichwani, sura ya kijana, umri wa mkongwe. Kitengo kilikuwa kimejaribu ubani, ving'ora na semina elekezi. Wapi!

Hyasinta akavua miwani yake nyeusi ya kikazi. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Shingo inaniua."

"Si utue tu, babu?"

"Loo! Mpagazi hajitui. Anatuliwa na aliyemtwika. Mimi aliyenitwika ni serikali, na hajarudi."

Roho ikamuuma Hyasinta kweli. Akanyoosha mikono amtue, mikono ikapita katikati ya sanduku kana kwamba ni moshi.

"Cheo chako kidogo, mama," babu alisema kwa upole. "Niletee mkubwa."

Mkubwa akaitisha kikao. Kikao kilianza na itifaki: je, marehemu aliyefariki akiwa kijana amwamkie Mkurugenzi, au aamkiwe? Wakala sambusa, wakaunda kamati ndogo. Ijumaa ikafika babu yuko palepale, kamera zimewashwa, Hyasinta jasho linamtiririka.

"Mkuu, mtue tu. Dakika moja."

Melkiori hakuwahi kujibebea hata mwavuli. Lakini kamera ni kamera. Akatabasamu, akalishika sanduku, likanyanyuka! Babu Anuari akanyoosha shingo, akacheka mpaka machozi, akasema, "Ahsante, serikali," akatoweka. Mtaa mzima ukapiga makofi. Hyasinta akalia hadharani, wala hakuona haya.

Mkurugenzi akainama aweke sanduku chini. Likakataa, likapanda lenyewe kichwani.

"Hyasinta! Nitue!"

Hyasinta akajaribu. "Samahani mkuu. Cheo."

Akaitwa Waziri. Alikuja na msafara, akalitazama sanduku, akapapasa shingo yake mwenyewe, akampongeza Hyasinta kwa kazi nzuri na kumhakikishia kwamba haendi popote. Kuhusu sanduku, alisema suala linafanyiwa kazi katika ngazi za juu, akapanda gari.

Mama Candida, muuza vitenge wa jirani, akamgusa Mkurugenzi begani.

"Kaka, ukishaufikisha huo mzigo, rudi uchukue na wangu."