Bibi-arusi Alikuwa Katika Nusu Isiyo na Bima

Butembo, Jumatatu asubuhi

Bwana Mkurugenzi wa Bima,

Pokea heshima zangu, wewe na ofisi yako yote, inayoanza kazi kwa maombi na kuimaliza kwa kukataa kulipa.

Mimi ni Mumbere, mwenye limuzini ya pekee ya arusi kati ya Butembo na Beni. Fundi Ésaïe aliitengeneza kwa kuchomelea magari mawili makuukuu yaliyoingia nchini kwa mpaka wa Kasindi: la kwanza alilikata buti, la pili akalitoa injini. Jumamosi, tukitoka kanisani kwenda karamuni Beni, kiungo kiliachia topeni. Bibi-arusi Séphora akabaki pale na mashangazi wanane. Mimi na bwana-arusi Phinées tuliendelea, redio ikiwa juu, hadi kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo askari aliuliza: « Mais papa, bibi ya huyu iko wapi? » Nikamjibu: « Iko nyuma. » Akachungulia. Nyuma kulikuwa na upepo.

Sasa mkaguzi wenu, Bwana Léon, amekuja na mita yake ya kupimia. Ameandika kwamba kibandiko cha bima kiko kwenye kioo cha mbele, na nusu ya mbele ni nzima. Nusu ya nyuma imeharibika, lakini haina kibandiko. Donc, hakuna malipo. Nalalamika hivi:

1. Anayenunua mbuzi hushika kamba ya shingoni, na mkia humfuata. Sijaona soko linalouza mkia peke yake.

2. Mchungaji alitamka mbele ya watu mia tatu kwamba wawili wamekuwa mwili mmoja. Kama ni kweli kwa Phinées na Séphora, waliojuana mwaka jana tu, itakosaje kuwa kweli kwa magari yaliyochomelewa miaka sita? Alichounganisha Ésaïe, mkaguzi asikitenganishe.

3. Mnasema tope ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu bima hailipii. Tope lile nalifahamu tangu utoto wangu. Ushuru wa barabara tunalipa kila siku, nalo linazidi kunenepa. Msimsingizie Mungu.

4. Familia ya bibi-arusi imeizuia nusu ya nyuma uani kwao mpaka niwatolee mbuzi wa aibu, na kuku wameanza kutaga kwenye kiti cha maharusi. Gari hilo ndilo linalosomesha watoto wangu. Naumia, Bwana Mkurugenzi, naumia kweli. Kwa hiyo lipeni matengenezo, gauni la bibi-arusi lililojaa tope, mbuzi, na mayai yatakayovunjika siku ya kulivuta.

5. Mkikataa, nitawaleta mashangazi wote wanane ofisini kwenu. Hao hawana bima wala breki.

Nisalimieni Bwana Léon na mita yake, Mama Solange wa mapokezi, na wote wanaonihurumia bila kunilipa.

Wako mwenye gari moja, moja tu,

Mumbere

P.S. Polisi wa barabara anataka kuniadhibu kwa kubeba watu kumi na mmoja katika gari moja. Nimemwapia, mkono juu ya Biblia, kwamba yalikuwa magari mawili yaliyofuatana kwa karibu sana. Akipita kwenu, tafadhali msimwonyeshe barua hii.