Malalamiko Juu ya Usukani Uliokazwa Bila Kutuuliza Sisi wa Mlimani

Mlimani, juu ya Mkuyuni,
Jumatano, Machi 1954

Kwa Bwana Fundi Hatibu Pazi,
Mwenye Gereji, Morogoro Mjini.

YAH: KUTENGENEZA GARI KUPITA KIASI

Ndugu Fundi,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa mbele yangu, kwa hiyo nimekuitikia kabisa ili tusipoteze wino. Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti sikuletei wewe, ingawa kwa ufundi wako mpya nasikia hushindwi na kitu.

Nakuandikia kama fundi, si kama mpwa. Ningekuandikia kama mpwa, mimi mjomba wako, kaka wa marehemu mama yako Cecilia, barua hii ingekuwa fupi na ingefuatana na fimbo. Lakini mambo ya kazi yafuate njia ya kazi. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne na najua malalamiko yanavyoandikwa: mtu hupanga madai yake kwa namba, hatukani, na mwisho husalimia watu wote. Nitajitahidi hapo kwenye kutukana.

Lalamiko lenyewe ni gari la Bwana Shamba, ile Landrova. Unajua lilivyokuwa. Kila likikanyaga jiwe, magurudumu ya mbele yalishikwa na wazimu, moja linataka Matombo, jingine linataka kurudi Morogoro, na usukani unazunguka wenyewe mikononi mwa dereva Stefano. Mwezi uliopita likaletwa kwako. Tulidhani utafanya kama mafundi wengine: utaligonga nyundo mara mbili, utalipaka grisi, utaliaga. Kumbe! Stefano anatusimulia kwa majivuno kwamba umetoa tairodi iliyolika, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, ukaweka nene kuliko ya kwanza, ukabadilisha bushi zote za maungio, na kwa kuwa hayo hayakukutosha, ukalaza ubavuni kishokamzoba kidogo ambacho kazi yake ni kumeza kila mtikisiko. Nani alikutuma, Fundi? Bwana Shamba aliomba gari lipone, hakuomba lifufuke.

Mgala muue na haki yake mpe: kazi ni nzuri. Na uzuri wake ndio unaotuumiza, kama nitakavyoeleza.

1. Umelinyang'anya gari sauti yake. Wewe uliyekaa mjini pengine umesahau amri yenyewe ya serikali: kila mwenye shamba la mteremko alikate ngazi ngazi, yaani matuta, eti mvua isichukue udongo. Mteremko huu walilima mababu, wakatuachia, na udongo bado tunao. Lakini ukichimba yale matuta, udongo mweusi unaolisha maharage unafukiwa, na ule mwekundu wa chini unabaki juu unakutazama. Jirani yetu Agustino alitii, akachimba shamba zima. Maharage yake yalitoka manjano, na majirani walikwenda kumpa pole kama mfiwa. Kwa hiyo sisi wengine tulipatana na gari. Likivuka daraja la chini tu, huku juu tunasikia vyuma vinagombana. Wakati Stefano anashindana na usukani kwenye kona ya kwanza, kila mtu ameshaokota jembe. Bwana Shamba akifika, anakuta mlima mzima umeinama kana kwamba unachimba matuta, jasho linatutoka, na ni jasho la kweli, la mbio. Anafurahi, anaondoka, nasi tunarudi kulima. Nani alidhurika? Sasa gari linakuja kimya kama paka wa misheni. Jumatatu lilimkuta jumbe mwenyewe amelala juu ya tuta la mfano, lile tulilolichimba la kuwaonyesha wageni, na kibuyu chake kando. Jumbe amepata aibu ambayo haikuwa na lazima.

2. Umemharibu Bwana Shamba tabia. Zamani alikuwa mtu mpole sana. Akishuka garini mikono inatetemeka, anaomba maji, anakaa kwenye gogo, anawaamkia hata watoto kwa furaha ya kuwa hai. Akitaka kuandika majina ya wakaidi, penseli inakwenda kama panzi, na mwisho anaikunja karatasi anaiweka mfukoni. Tulimpenda, nakuambia kweli. Tulimpa mayai. Siku hizi anashuka mikono mikavu, hataki maji, hataki gogo, anaanza na mashamba. Majina anayaandika vizuri mno. Unyenyekevu ule ulikuwa umefungwa kwenye tairodi kuukuu, nawe ukautupa pamoja nayo.

3. Umeidhoofisha dini, tena dini zote mbili. Stefano alikuwa akifanya ishara ya msalaba kila kona, na kona zetu unazijua. Yule utingo wenu wa mjini alianza Fatiha darajani na kufika hapa akiwa ameshamaliza kuwaombea wazazi, mababu na wadeni wake. Katekista alikuwa akisema hakuna kanisa linalosaliwa kama gari lile. Leo wanapanda mlima wakiimba nyimbo za dansi! Padre akiniuliza kwa nini waumini wamepoa nitamtaja fundi, sitamficha.

4. Umeikaza serikali nzima. Usicheke, fuata hesabu yangu. Dola ile inatawala bahari na nchi ambazo mimi na wewe hatuzijui kwa majina, ina manowari, ina bendi ya tarumbeta, na huku kwetu ilikuwa imezuiwa na bushi moja iliyolika. Umeibadilisha bushi. Basi anafika Bwana Shamba. Akifika Bwana Shamba bila kutikisika, atawasimulia wenzake. Atakuja wa kodi, atakuja wa kukagua vyoo, atakuja wa kuhesabu mbuzi na wa kuwauliza mbuzi wenyewe kama hesabu ni sahihi. Mwisho ataletwa mtu wa kukaa kabisa, na nyumba yake itajengwa kwangu kwa kuwa ndiko kuliko sawasawa. Yote haya kwa sababu kijana mmoja wa Morogoro hakuweza kuona chuma kinacheza akaacha.

5. Hili la tano, Hatibu, ndilo hasa. Hayo mengine nimeyapanga ili nipate moyo wa kulifikia hili.

Jumatatu hiyo hiyo, gari lilipotoka kwa jumbe, lilisimama kwa mama yako mdogo Theresia. Dada yangu yuko uani anachagua maharage ya mbegu, hana habari. Hakusikia kitu, kwa hisani yako. Akainua macho, kumbe Bwana Shamba yuko mbele yake anauliza matuta ya shamba la juu yako wapi. Theresia hajui kusema uongo, ni ugonjwa wa ukoo upande wa wanawake. Akamwambia hayapo na hayatakuwapo. Amepewa mpaka Jumamosi aanze kuchimba, la sivyo atapakiwa kwenye gari hilo hilo apelekwe barazani Mkuyuni akashitakiwe.

Naye hachimbi. Nimemsihi, nimemgombeza, nimejitolea kuchimba mwenyewe na goti langu hili. Amenifukuza na ufagio.

Nikukumbushe shamba la juu ni la nani. Kwetu ukoo hufuata tumbo la mama. Mimi mwanaume nalitunza tu, wanangu watalima kwa mama yao. Lile ni la Theresia na wanawe, na la wewe, mtoto wa Cecilia, hata kama unaswali msikitini na jina lako ni la baba yako, Pazi. Mama yako alilipalilia na wewe ukiwa mgongoni. Basi umekaza usukani, mwanangu, na usukani umenyooka mpaka kwenye mbegu za mama yako mdogo. Ulijua? Hukujua. Wewe uliona gari bovu tu. Lakini nina hasira, Hatibu, kalamu inatoboa karatasi. Na nina hofu. Dada yangu ni mjane, hajawahi kulala nje ya mlima huu, na sijui wanamfanya nini mtu anayesema hapana kwa adabu vile.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, vyuma vya zamani virudishwe. Mafundi hamtupi kitu, najua viko nyuma ya gereji chini ya mabati. Kama umevitupa, Benedikto wa huku kwetu ana baiskeli iliyokufa, uchukue humo chochote kitakachofaa kulegea.

Pili, ikiwa heshima yako ya kazi haikuruhusu, legeza nati moja tu, tena kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Sitaki Bwana Shamba afe, Mungu apishie mbali, ana watoto. Nataka achelewe.

Tatu, na hili nimelifikiri sana: kama wewe ni fundi kweli kama wanavyosema, tengeneza usukani utakaotikisika gari likipanda na kutulia likishuka. Hapo kila mtu atapata haki yake. Kwenda aende kwa taabu, kurudi arudi salama, nasi tutamuaga kwa upendo.

Ukishindwa yote matatu, ndipo nitaandika barua ya pili, na hiyo nitakuandikia kama mjomba.

Nafunga hapa. Msalimie mkeo Mwanaasha, mwambie ndizi zinakuja. Msalimie mtoto Furaha, mafundi wako wote pamoja na yule mvivu, ambaye angeachiwa yeye gari lile tusingefika hapa. Wasalimie wauza mboga wa kwetu hapo sokoni, na jirani yako yule wa Turiani anayekoroma. Huku wanakusalimu majirani Regina na Scholastika, jumbe kwa shingo upande, na mama yako mdogo, ambaye hajui kama naandika.

Ndimi mlalamikaji wako, mwenye heshima na hasira kwa kipimo sawa,

Alois Msimbe

Nyongeza, Jumapili baada ya misa.

Salehe aliyekuwa ashuke na barua hii alizuiwa na mvua, ikabaki kwangu, na sasa sijui kama niichane au nikutumie. Nakutumia, kwa kuwa karatasi imekwisha. Lakini soma na haya.

Jana gari lilikuja. Sikulisikia. Theresia alikuwa tayari, amevaa khanga yake ya Pasaka, mlango amefunga, kuku amenikabidhi. Alipanda mbele karibu na Stefano, akakaa wima kama bibi harusi. Mimi nilisimama pale, mwanaume mzima na darasa langu la nne, nikalia mbele za watu. Gari likaondoka. Nikalifuata nikichechemea.

Kwenye kona ya kwanza ya kuteremka lilisimama. Nikadhani limeharibika, nikakuombea baraka. Kumbe njiani alikuwa amekaa Regina na jembe lake na kifurushi cha viazi, akisema na yeye hajachimba, apakiwe. Scholastika nyuma yake na mtoto mgongoni, naye vile vile. Halafu Agnes, halafu wanawake wa bonde la pili ambao sikujua hata nani amewaambia, wanatelemka mashambani kama siku ya mnada. Wote hawajachimba, wote wanataka barazani. Walimweleza Bwana Shamba kwa heshima kwamba zamani wasingethubutu kupanda chombo kile, kilikuwa kinatikisika mno, mtu angemwaga hata mtoto. Lakini wamesikia fundi wa Morogoro amelitengeneza, mtoto wa Cecilia, mtoto wa nyumbani, basi hawana wasiwasi tena.

Bwana Shamba akasema gari halibebi watu wote hao. Wakasema watangoja safari ya pili. Na ya tatu. Wakakaa chini barabarani wakaanza kumenya viazi.

Aliwatazama wanawake, akalitazama gari, akayatazama mawingu. Mwisho akamwambia Theresia ashuke, aende nyumbani. Dada yangu akakataa! Akasema ameahidiwa Mkuyuni na ameshamkabidhi mtu kuku. Hakuondoa mguu mpaka Bwana Shamba aliposema mbele ya watu wote, mara mbili kwa sababu ya mwanzo hatukuisikia vizuri, kwamba shamba la juu lisiguswe, libaki lilivyo. Ndipo akashuka, akamshukuru Stefano kwa safari, akaniomba kuku wake.

Sasa sikiliza, Fundi. Wanawake hawakuondoka barabarani mpaka viazi viishe, ikabidi gari ligeuke lirudi kwa njia ya nyuma ya mlima; na pale kwenye kona njia ni finyu, huku ukingo, huku genge. Gari lile la zamani lingetaka mchana kutwa kugeuka hapo, kwenda mbele na kurudi nyuma, na Bwana Shamba angepata muda wa kubadili mawazo. Jana Stefano alizungusha usukani mara moja tu, taratibu, kwa mkono mmoja. Likageuka lote, likarudi Morogoro.

Usilegeze kitu.