Yadi Ishirini za Bafta

Jumatatu, 19 Januari 2026

Mishi ameenda tena kwa Abdulhadi. Siku ya kumi na moja mfululizo! Ameacha wali kwenye sufuria, mchuzi kwenye bakuli, na mume kwenye kiti.

Abdulhadi ni jirani yangu, muuza misumari na mabati. Amenunua TV ya inchi themanini na tano. Ilibebwa na wanaume wanne, na mlango ukang'olewa ili ipite. Tangu hapo kina mama wote wa kichochoro chetu hapa Muyeye wamehamia sebuleni kwake kutazama tamthilia isiyokwisha. Wanaume hukaa barazani na kuchungulia dirishani. Mimi nimechungulia mara moja tu. (Mara nne.) Simu ya Abdulhadi ikilia, anasimamisha picha. Akienda kuoga, anasimamisha picha. Akirudi, anawaambia watu nani atakufa kabla hajafa.

Na hiyo ndiyo wanayoiita sinema!

Sinema naijua mimi. Miaka ishirini na sita iliyopita nilimpeleka Mishi kwenye ile ya mjini, kabla haijafungwa. Tulikuwa wachumba. Shangazi yake alikaa katikati yetu, mkoba mapajani. Jicho la mwigizaji lilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba. Watu mia tatu walishtuka pamoja na kucheka pamoja. Mishi alipolia, alipitisha mkono nyuma ya kiti cha shangazi, nikaushika mpaka taa zikawaka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Hili naliandika humu tu.

Mishi aliporudi nilimwambia picha hutazamwa kwenye pazia kubwa, gizani, na watu. Akasema picha hutazamwa nyumbani, ambako choo ki karibu, hakuna anayekurushia maganda ya njugu, na ukikumbuka chungu jikoni unaisimamisha kidogo. Akaongeza kwamba naona wivu. Wivu! Mimi!

Nimekata shauri. Jumamosi, baada ya Isha, mimi Stambuli nitafungua sinema uwanjani nyuma ya nyumba hii. Pazia la mita tano. Mishi atakaa kando yangu. Hatajua lolote mpaka siku yenyewe, maana nataka nimwone uso.

Jumanne, 20 Januari

Sabaki, kwa Kitsao, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa mbuzi. Kikundi kina projekta ya mafunzo. Kitsao alikataa kuniazima. Nikamkumbusha ni nani aliyemtengenezea redio. Akanikumbusha kwamba tangu niitengeneze inashika stesheni moja tu, na stesheni yenyewe ni ya Kiarabu. Tukakubaliana nitaitengeneza upya. Projekta italetwa Jumamosi alasiri.

Limebaki pazia. Mashuka ya Mishi yana maua. Nimelimulika moja kwa tochi na kujaribu kumfikiria mwigizaji mwenye waridi puani. Haiwezekani. Ukuta wa nyuma nao umejaa mabango ya wagombea wa uchaguzi, na gundi waliyotumia haitoki. Nimekwangua saa nzima, nimeng'oa nusu ya sharubu za mgombea mmoja tu.

Kinatakiwa kitambaa cheupe, kikubwa, kipya. Kesho naenda mjini.

Jumatano, 21 Januari

Nimepata! Bafta, yadi ishirini, dukani kwa Mansur.

Mansur hupunguza bei kwa shida kama anayeng'olewa jino. Leo hata sikubishana naye. Nilipotaja bafta alivua miwani na kusema pole sana. Nikasema asante, maana kweli nimehangaika. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni wa upande wangu au wa upande wa mke wangu. Swali la ajabu, lakini nikamjibu kwamba haya yote ni kwa ajili ya mke wangu, ila hajui bado, naye asithubutu kumwambia.

Hajui? akauliza.

Hajui. Nataka nimwone uso.

Akakaa kwenye kigoda. Kisha akauliza kuhusu mama mkwe wangu, Bi Harusi wa Mambrui, aliyelazwa mwezi jana kwa ajili ya magoti. Nikamwambia alhamdulillahi, Bi Harusi hana maumivu tena. Mansur akafuta macho. Sikujua kwamba wanapendana hivyo.

Akauliza ni lini. Jumamosi baada ya Isha. Akashtuka, mbona mbali hivyo! Nikamweleza kwamba nangoja mashine kutoka Sabaki. Mwisho akasema yadi ishirini ni nyingi. Nikamwambia jambo lenyewe ni kubwa, sitaki libanwe.

Amenipa kwa bei ya kununulia, ameikunja kwa mikono miwili na kunisindikiza mpaka barabarani. Kumbe mimi ni hodari wa biashara na nilikuwa sijijui.

Alhamisi, 22 Januari

Mambo yananyooka yenyewe.

Asubuhi alikuja Abdulhadi. Abdulhadi mwenyewe! Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema wanajua, ila wanangoja niseme mimi, na kwamba wananiona nilivyojikaza. Nikajua Mansur ametoboa siri ya sinema. Nilitaka kukasirika. Lakini Abdulhadi akasema Jumamosi atatoa viti themanini, turubai na masufuria makubwa mawili. Mtu anayeshindwa kwa adabu namna hii sijapata kumwona.

Halafu akasema ameizima TV. Hataiwasha mpaka mambo yangu yaishe. Ni heshima tu, akasema.

Ameizima TV!

Nilitoka kutembea nione kama ni kweli. Kichochoro kizima kimya. Hakuna TV, hakuna redio, hata yule kijana wa kinyozi amezima taarab yake. Watu wanasimama nikipita. Nimewapungia mkono.

Mishi alirudi kutoka sokoni amechanganyikiwa. Anasema wanawake watatu wamemkumbatia na kulia, mmoja akimwambia avumilie, ndiyo dunia. Aliwauliza kuna nini, wakageuza uso. Akaniuliza mimi. Nikatabasamu, nikamwambia asubiri Jumamosi. Hakutabasamu.

Nimeshona bafta kwa cherehani yake alipokuwa anaoga. Mishono imekwenda upande. Gizani haitaonekana.

Ijumaa, 23 Januari

Baada ya swala ya Ijumaa nimepewa mikono mpaka kiganja kinauma. Hata wazee wasionipenda.

Nyumbani, vita. Mishi alikuwa ameviona viti na masufuria ya Abdulhadi nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. Akaniambia ameelewa kila kitu, nisimfiche tena. Nikasema basi, kama ameelewa, alhamdulillahi. Akaniuliza nimefikiria nini. Nikamwambia ukweli: nimefanya haya kwa ajili ya nyumba yetu, maana imepooza. Akauliza yeye atakaa wapi. Nikamwambia kando yangu, kama zamani, nafasi ipo.

Akachukua sanduku, akaita tuktuk, akaenda Mambrui kwa mama yake.

Nilibaki mlangoni, roho imeniruka. Kisha nikaelewa. Amekwenda kumleta Bi Harusi naye atazame! Mishi wangu! Sanduku ni la nguo za mama. Nimempigia simu kumwambia waje mapema wapate viti vya mbele. Alikata kabla sijamaliza. Mtandao wa Mambrui ni mbaya.

Jumamosi, 24 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Alasiri Kitsao alileta projekta, na vijana wakasimamisha turubai, wakapanga viti na kutandika mikeka. Nikatundika bafta kati ya nguzo mbili. Magharibi watu wakaanza kufika. Watu mia moja na hamsini! Wanaume wa kanzu nyeupe, wanawake wa mabuibui, huyu na sukari, yule na mchele. Nikafikiri, watu wa Muyeye wana kiu ya sinema jamani. Wanawake walikuwa wanalia kabla hata picha haijaanza.

Baada ya Isha nikasimama mbele kuwakaribisha. Mansur akainuka. Alikuwa anaitazama bafta ilivyotundikwa, inapepea kwa kaskazi. Akauliza mbona sanda iko juu.

Sanda.

Nina miaka hamsini na tatu. Nimezaliwa mji huu. Nimezika wazee wangu wote wawili, na bafta zao nilikwenda kununua mimi, kimyakimya, bila kupatana bei. Mtu akiingia dukani akataka yadi za bafta haulizwi ni ya nini. Anapewa pole. Na mimi nilisimama pale nikajiona bingwa wa biashara!

Kabla sijafungua kinywa, tuktuk ikasimama. Akashuka Mishi. Nyuma yake, kwa bakora, Bi Harusi.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele, wawili wakazirai, na Abdulhadi akapanda juu ya kiti. Bi Harusi hakumwangalia mtu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu na kuniuliza huyo mke wa pili yuko wapi, amwone.

Mke wa pili! Mishi alidhani naoa! Viti, masufuria, wanawake wanamwambia avumilie. Bi Harusi akageuka, akawatazama watu kwa zamu, akauliza kama hii ni harusi mbona wote wana nyuso za matanga, na ni nani aliyefariki. Mansur akasema, samahani mama, ni wewe.

Nimewahi kuaibika maishani. Sijawahi kuaibika mbele ya watu mia na hamsini waliokaa kwa mpangilio. Mishi alikuwa ananitazama. Nilijua nikikosea sasa atapanda tuktuk ile ile na hatarudi. Nikamwambia palepale, mbele ya wote, kwamba sina mke mwingine wala simtaki, nilitaka tu akae kando yangu gizani kama ile siku na shangazi. Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya tena, nikawasha mashine.

Ikakataa flashi yangu niliyotilia picha. Ikacheza ilichokuwa nacho tumboni.

Mbuzi. Mbuzi wa mita tano, uso mzima, anatafuna. Sauti ikasema leo tutajifunza kukata kwato. Kaskazi ikaijaza bafta, na mbuzi akavuta pumzi.

Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni kadhi mstaafu. Kisha wote. Walicheka mpaka viti vikaanguka, na kisu kilipokaribia kwato wakashtuka pamoja, watu mia na hamsini, kwa pumzi moja. Ile ile! Pumzi ile ile ya zamani! Abdulhadi akawa anapiga kelele wasimkate, wasimkate. Hakuna rimoti. Hakuna aliyeweza kusimamisha.

Mishi alikaa. Bi Harusi alikaa katikati yetu, mkoba mapajani. Walipofika kwenye dawa ya minyoo, mkono ukapita nyuma ya kiti.

Nikaushika.

Jumapili, 25 Januari

Siku ya kuomba radhi. Nyumba kwa nyumba, pamoja na Mishi, kurudisha sukari na mchele. Wengine wamecheka. Mansur hakucheka. Ameniambia hataniuzia tena kitambaa cheupe maishani, hata leso ya mkononi.

Bi Harusi ameondoka na bafta. Nilimsihi aniachie, ni pazia langu. Akasema imekwishanunuliwa kwa jina lake na watu wameshamlilia, haitatumika kwa mwingine. Aliifumua mishono yangu usiku, akatoa kipande chake, kingine akamwachia Mishi akitie sandukuni kwa siku yake. Akasema huu ndio utaratibu, wala hakuna la kuhuzunisha. Ila amesema amependa yule mbuzi. Angependa kuona anavyozaa.

Abdulhadi amewasha TV. Mishi amekwenda, kuna sehemu tano zimempita. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema jana ilikuwa nzuri kuliko kwa Abdulhadi. Kisha akaniapisha: hakuna kufanya jambo lolote tena kwa siri. Nimeapa.

Nimepata somo kubwa. Lazima nilikiri. Kosa langu lilikuwa kitambaa.

Jumatatu, 26 Januari

Pazia la mbao! Halipepei, halihitaji Mansur. Vipande virefu vyembamba vilivyopakwa rangi nyeupe, vinaunganishwa uwanjani na kufunguliwa baada ya picha. Kitsao anayo picha ya mbuzi akizaa.

Tatizo ni kuvibeba, vipande pamoja na projekta, bila kukwaruzwa. Nimekwenda kwa Kaingu fundi seremala, kule barabara kuu, nimeagiza sanduku. Urefu futi sita na nusu, upana futi mbili, lina kifuniko, na vishikio pande zote ili wanaume wanne walibebe vizuri. Ndani litandikwe kitambaa laini.

Kaingu aliweka randa chini. Akauliza ni la nani. Nikamwambia ni kwa ajili ya mama mkwe, la Jumamosi, lakini mke wangu asijue kabisa.

Amevua kofia. Hata bei hakutaja. Mafundi wa siku hizi wana adabu sana.