King'ora cha Banda la Kuku Kirudishiwe Kibali

Damari Simeoni,
Mfugaji wa kuku,
Nyuma ya mashine ya alizeti.

Kwa Ndugu Antipasi,
Ofisa Mtendaji wa Kijiji.

Ndugu Mtendaji,

Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia, lakini kwa kuwa hii ni barua ya ofisi nakutangulia kwa salamu. Ile shikamoo utaileta mwenyewe. Mimi ni mzima wa afya, ila hasira imenizidi.

Umesitisha kibali cha king'ora alichonifungia mwanangu Calist kwenye banda la kuku kabla hajarudi Dodoma. Swichi yake iko sebuleni kwangu, nawe umeibandika karatasi yenye mhuri. Kwa sheria ndogo tuliyopitisha mkutanoni, king'ora kikilia ni sawa na yowe: kila mwenye miguu aache kazi aje na fimbo, na asiyekuja anatozwa faini. Atakayekipiga bure mara tatu anasimamishiwa kibali mpaka aeleze kila tukio kwa maandishi na kuahidi hatarudia. Basi naeleza, na utaona hakuna hata moja lililokuwa la bure.

1. La mwewe. Watu walifika wakamkuta juu ya mti na kifaranga changu kwenye kucha, mkasema mwewe si mwizi. Sheria nimeisoma yote. Imeandika "mwizi", haikusema awe na mabawa au asiwe nayo. Hosea wa mashine ya alizeti analalamika eti aliiacha mashine ikiunguruma peke yake. Kwani mimi ndiye niliyemkataza kuizima?

2. La shemeji yangu Melkiori. Hili mlilicheka, na mlinikera sana. Sisi huku mgeni wa heshima hapikiwi mlenda, anachinjiwa kuku. Sasa wewe uliyesoma nisaidie: mwizi akija, kuku anaondoka; shemeji akija, kuku anaondoka. Tofauti ni kwamba mwizi hasubiri supu, wala hasemi chumvi imepungua. Melkiori nilimwona kwa mbali anakuja mikono mitupu, nikabonyeza mapema. Ningengoja apige hodi ningekuwa nimechelewa, maana mtu akishapiga hodi huna budi kumkaribisha. Kinga ni bora kuliko tiba, na ninyi wenyewe mnatuimbia hivyo kila siku.

3. Lako wewe. Ulikuja kunionya juu ya hayo mawili, ukaingia uani na begi kubwa. Mtumishi wa serikali naye ni mgeni wa heshima. Rudia kusoma namba mbili. Kwamba watu walikuzunguka na fimbo kabla hujajieleza, ukaruka ua wa miiba, hilo si kosa la king'ora. Linaonyesha kinafanya kazi vizuri. Kiatu chako cha kushoto kipo, nimekipiga rangi.

4. Hapa sasa nalalamika mimi. Wewe ukiitisha mkutano wa kijiji wanakuja wazee watatu na mbwa wao. Mimi nikibonyeza, wanakuja wote, wakiwamo wanaokukwepa wewe. Badala ya kunishukuru unanibandikia karatasi. Kwa hiyo siombi kibali tu. Naomba king'ora changu kitangazwe kuwa cha kijiji, mikutano ifanyike uani kwangu, na chanjo, na hata uchaguzi. Togwa nitatoa mimi.

5. Tangu ukinyamazishe, kwangu hapapiti mtu. Luciana, jirani yangu anayeuza vitunguu sokoni Mkiwa, alikuwa anafika wa kwanza na mchi mkononi. Siku hizi ananisalimia kutoka barabarani, anaendelea na safari. Mwizi akija leo atanikuta peke yangu, na tangu baba Calist atangulie mbele ya haki niko peke yangu kweli. Hiyo ndiyo hatari uliyoileta.

Kuhusu ahadi: naahidi mbele ya Mungu kwamba sitabonyeza tena mpaka nimwone mwizi kwa macho yangu, awe wa miguu miwili, na awe ameshamkamata kuku.

Nisalimie mkeo Evodia na watoto, mgambo wote, Hosea na mashine yake. Hata Melkiori msalimie, ila asidhani ni mwaliko.

Wako katika ulinzi wa kuku,
Damari Simeoni

N.B. Barua ilipokwisha nilikosa mtu wa kuileta ofisini. Nikaona nibonyeze kidogo tu, na karatasi yako ikachanika. Wamekuja wote, na wa kwanza kufika ni wewe. Hivi ninavyoandika umekaa barazani unahema, unauliza mwizi yuko wapi. Hayupo, mwanangu. Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, ndiyo maana naongeza hapa. Tangu Calist akifunge hajawahi kuja mwizi hata mmoja. Nyumba hii ikinyamaza inaniumiza, na mimi njia nyingine ya kuita watu siijui. Barua nitakupa mkishakula. Jogoo mkubwa nimeshamchinja, na Melkiori naye nimemtuma mtu akamwite.