Kaseti ya Mokaya na Dume Langu

Jumatatu, 5 Mei

Mokaya amekuja. Jirani yangu, tumechuma chai pamoja tangu 1984. Anahama kabisa, anarudi kwao Nyamira. Jumamosi anachinja mbuzi ya kuagana. Sawa. Lakini anataka kaseti yake! Ile ya disko, yenye picha ya mzungu wa koti la mabega mapana kama mlango. Niliiomba 1986, ya wiki moja. Nimemwambia iko salama kuliko title ya shamba. Iko wapi? Hata sijui! Kumwambia imepotea, hapana. Ataondoka na kinyongo, na mtu akihama na kinyongo harudi hata kusalimia.

Jumatano, 7 Mei

Nimeipata! Ndani ya debe la misumari. Nimeizungusha na biro, nimenunua betri nne, yale mawe ya redio. Wimbo wa kwanza, mtamu ajabu. Zamani nilimwambia Mokaya hizo ni kelele za mzungu aliyelala njaa. Sikukosea. Wimbo ndio umeboreka. Wa pili, macho yakatoa maji. Moshi wa kuni, ingawa moto ulikuwa umezimika.

Wa tatu, Mungu wangu! Ni mimi! Namsifu dume langu Lelgut, yule wa mdomo mweupe, kwa sauti yote, vile baba zetu walivyosifu ng'ombe. Sasa nakumbuka. Nilibandika selotepu pale juu penye matundu ili kaseti ikubali kurekodi. Nyimbo mbili nzima za Mokaya nimezifunika na ng'ombe! Lakini lazima niseme: naimba kuliko yule mzungu.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango tayari. Mokaya anataka kaseti ipigwe kwenye karamu yake, basi redio nitashika mwenyewe. Wimbo wa pili ukiisha, nazima, naita maombi. Nani atakataa maombi? Mke wangu Tecla anasema niungame tu. Tecla hajui siasa.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu! Nilibonyeza kwa nguvu za mwanaume. Kitufe kikang'oka, kikabaki mkononi! Nikaita maombi hivyo hivyo. Watu wakafumba macho, kimya, na Lelgut akaanza kusifiwa. Nikaimba kwa nguvu ili nifunike ile sauti. Sasa Kiplangat, yaani mimi, wakawa wawili, mmoja kijana! Pasta akasema amina kabla hajaanza.

Nikamwangalia Mokaya. Ameinama, mabega yanatetemeka. Nikajua nimemliza mbele ya wageni wake. Kumbe anacheka, mpaka kofia ikaanguka kwa supu! Akaniambia, wewe mzee, miaka thelathini na tisa nimeubeba wimbo wa tatu kichwani, kumbe umeulisha ng'ombe! Ati kaseti anaibeba hivyo ilivyo. Mzungu atamsikia hata kwa simu, lakini Mkipsigis wa kumwaibisha hivi, Nyamira hayuko. Niliinamia sahani. Nilikuwa na mfupa mdomoni.

Jumapili, 11 Mei

Lori la Mokaya limeondoka saa mbili. Kule kwake kimya, hata kuku hakuna. Sipendi.

Lakini tuseme ukweli. Jana watu walipiga makofi kwa sababu ya nani? Si mzungu! Sasa Tecla yuko kanisani. Nimechukua kaseti yake ya kwaya, ile anayoimba nayo akipika. Upande wa pili hausikilizi sana, nafikiri. Kitufe hakuna, natumia kijiti. Selotepu nimebandika. Ndama wangu mpya ana miezi minne na hajaimbiwa hata mara moja.