Jina Langu Kwenye Kamba ya Pango

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata wazo! Kila mgeni anayekuja mjini kwetu Tulum kupiga mbizi katika mapango yaliyojaa maji anamuulizia Remedios Poot, mwongozaji mwenzangu. Remedios hivi, Remedios vile. Eti ndiye aliyetandika kamba ya kuonyesha njia katika pango la Mzee Wilberto. Na mimi, Baldomero Chi, mwongoza wageni mwenye leseni na meno yote? Nakula tamale yangu ya unga wa mahindi peke yangu kwenye geti la pango.

Sawa. Kamba ni yake. Jina litakalosomwa humo litakuwa langu.

Mpiga mbizi akiingia anaruhusiwa kubana kisahani chake cha plastiki kwenye kamba, alama kwamba amepita hapo. Akitoka, anakitoa. Watu hubana kimoja, viwili. Mimi nitabana gunia zima. Na sitoi hata kimoja.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata visahani kutoka vifuniko vya ndoo za pilipili. Nimevipaka zambarau. Jina langu, na namba ya simu chini yake. Safi!

Nimejikuna jicho. Pilipili! Mama kanimwagia maziwa usoni, akauliza hasa nafanya kazi gani siku hizi. Nikamjibu: matangazo. Akasema marehemu baba naye alianza hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Jana nilivibana vyote. Pango limependeza kama ukumbi wa harusi.

Leo Remedios katoka majini uso mwekundu. Akauliza, "Kaka Baldo, umefungua duka humo ndani?"

Nikamkumbusha kwa upole: alama ya mtu haiguswi na mwingine. Sheria aliyonifundisha mwenyewe! Nikang'ata ulimi nisicheke.

Kisha akaanza somo. Mishale yake kwenye kamba ina ncha, na ncha inaelekeza nje. Tope likitibuka huoni kitu. Unapapasa mshale, unajua pa kutokea. Kisahani ni duara, hakisemi chochote. Sasa mtu akishika vyangu gizani, atajua nini?

Nikamwambia atajua namba yangu ya simu.

Ijumaa, 8 Machi
Msaliti! Remedios kaenda kunishtaki kwa Mzee Wilberto. Ardhi ni ya mzee, na funguo za geti ni zake. Mzee kaniita, kanisikiliza huku anakula, mchuzi unamtiririka kidevuni. Nilimweleza mambo ya biashara. Akasema visahani visipotoka kesho, nitapiga mbizi kwenye beseni la mke wake.

Remedios akajitolea kuingia nami, maana pangoni haendi mtu peke yake. Aje aninyanyase mbele ya samaki? Nimekataa.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika taratibu.

Niliingia peke yangu. Nilianza na vya mbali. Kimoja kikaniponyoka, kikaanguka chini. Nikakifuata, nikageuka, mapezi yakachota tope. Basi! Maji yakawa uji. Tochi ikawa haina maana. Kamba nilikuwa nayo mkononi, namshukuru Mungu, lakini nje ni upande upi?

Nikapapasa. Kisahani. Nikasogea. Kisahani. Kisahani tena! Baldomero Chi, Baldomero Chi, Baldomero Chi. Sijawahi kulichukia jina kiasi hicho.

Nikamwomba Bikira wa Guadalupe, nikachagua upande. Nikaenda kwa kujiamini. Paa! Kichwa kwa kichwa. Mkono ukanidaka. Kumbe ni Remedios, na wageni wawili nyuma yake, wanatoka. Anayetoka ndiye anayepishwa, kila mtu anajua. Mimi nikadhani wamepotea, maskini, nikaanza kuwasukuma warudi.

Akanifinya. Nikabisha. Akanifinya zaidi, akanigeuza kama gunia la mahindi, akaubana mkono wangu kwenye kamba na kunisukuma. Hatimaye vidole vikagusa ncha. Mshale! Ulielekea kule kule alikonisukuma. Nililia ndani ya miwani.

Nje, hewa iliyobaki kwenye mtungi wangu ilikuwa ya kukohoa mara mbili tu. Akaniuliza, "Ulikuwa unakwenda wapi, kaka?"

Nikasema nilikuwa nakuja kuwapokea.

Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi akifungua mikanda. Akasema, "Nimeshamtoa mtu mmoja humo akiwa maiti, Baldo. Nilimjua. Usinifanye nimtoe wa pili."

Akanimegea nusu ya tamale yake. Tukala pamoja.

Jumapili, 10 Machi
Visahani vimetoka vyote. Remedios mbele, mimi nyuma, kama mtoto wa shule.

Nimefikiri sana. Usiku kucha. Mambo kama haya humbadilisha mtu. Ni wangapi hapa Tulum wamepotea katika tope, peke yao, hewa inakwisha, wakatoka hai? Wachache mno. Mimi mmojawapo. Maana yake mimi ni mtaalamu!

Remedios hajawahi kupotea hata siku moja. Atafundisha nini huyo?

Kesho natangaza masomo: Kutoka Gizani na Mwalimu Baldomero Chi. Tatizo ni moja tu. Maji ya pango lile ni maangavu kama kioo, na wanafunzi watahitaji giza la kweli. Hakuna neno. Nitatangulia peke yangu, nikalitibue tope vizuri kabla hawajaingia.